Amina Ninayoirudisha

Kibet, mwanangu,

Umeenda kurudisha viti vya kanisa kwa mkokoteni wa punda wa akina Chumo, nami nimebaki na sufuria ambazo sina haraka ya kuziosha. Nimesogeza kando vikombe vya wageni, nimeketi pale mezani ulipokuwa ukifanyia hesabu zako. Kalamu ni yako. Usinicheke mwandiko. Shule yangu unaijua, iliishia darasa la nane, na tangu siku hizo kazi kubwa ya vidole hivi imekuwa kukamua ng'ombe.

Sitakuandikia mambo ya blanketi wala ya kuamka mapema. Hayo Shangazi Rebeka ameshakuambia mpaka yamekuchosha, na kesho atayarudia mlangoni mwa gari. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja nililolisema leo mchana mbele ya watu. Uliponitazama, nikainamisha kichwa.

Unajua ni lini. Mzee Elija alikuwa amekuwekea mkono begani, watu wamefumba macho, chai inapoa. Akaomba vizuri sana, akaombea barabara, akaombea chuo, akaombea walimu wako ambao hata hajawahi kuwaona. Halafu akasema, "Bwana, huyu kijana ndiye atakayenyoosha pale dada yake alipopinda. Usimwache naye apotoke." Watu wote wakasema amina. Rebeka aliisema mara mbili. Na mimi nikasema amina.

Najua ulifungua macho, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeyafungua. Baada ya hapo ulianza kukusanya viti kabla watu hawajamaliza mandazi. Ulimtoa mama mmoja kwenye kiti chake akiwa bado na kikombe mkononi. Mzee akacheka, akasema, "Aa, huyu kijana ana bidii!" Mimi nilijua hiyo si bidii.

Kibet, ile amina nairudisha. Sikuwa na haki ya kuisema. Nataka ujue kwa nini, kwa sababu kesho utaingia kwenye lango lile lile ambalo dada yako alitokea, na sitaki uingie ukidhani nimekutuma kwenda kufuta jina lake.

Haya maneno ya mtu kuacha njia nimeishi nayo tangu zamani. La kwanza nilipewa na babu yako wa upande wangu. Nilikuwa nimekuja huku kumsaidia dada ya mama yangu dukani, na baba yenu akaja kununua soda, akiwa na vumbi la shamba mpaka kwenye nyusi. Alikuwa akilimia watu kwa trekta. Alirudi kununua soda nyingi kuliko kiu ya mtu yeyote. Niliporudi nyumbani kusema nimepata mtu, na kwamba ni Mnandi wa Kapseret, baba yangu aliweka kijiko chini, akasema, "Wanjiru, umepotea."

Nililia njia nzima ya kurudi huku. Lakini nilipofika nilifikiri: mtu aliyepotea hajui aliko. Mimi nilijua vizuri niliko. Nilikuwa kwenye nyumba ya mabati karibu na uwanja wa ndege, na mume anayeimba akioga, anayesahau maneno ya wimbo katikati na kuendelea kwa kupiga mluzi. Yeye hakujua Kikuyu, na Kinandi changu kilikuwa cha kusalimia tu na kununua maziwa, ndiyo maana nyie mkalelewa kwa Kiswahili. Babu yenu alikuja kututembelea Jeruto alipozaliwa. Alimpakata siku nzima, akanywa mursik, yale maziwa ya mgando ya huku, mpaka ikambidi alale, na lile neno hakulitaja tena. Lakini hakuliondoa pia. Alilizunguka tu, kama watu wanavyozunguka shimo barabarani, na alipokufa lilikuwa bado liko pale.

Ungedhani mtu aliyebeba neno kama hilo asingeweza kumbebesha mwingine. Mimi nilimbebesha mtoto wangu.

Unamkumbuka Hosea, yule jirani aliyeacha shule akawa mwendesha boda boda. Jioni moja tulikuwa tunakula githeri, Jeruto amekuja nyumbani wikendi kutoka chuo, na mimi nikaanza kumzungumzia Hosea. "Amepotoka kabisa," nikasema. "Sijui mama yake anatembeaje barabarani." Nililisema jinsi mtu anavyosema mvua itanyesha. Jeruto aliendelea kutoa maharagwe kando ya sahani yake kama alivyokuwa akifanya tangu utoto, akila mahindi kwanza. Baadaye ndipo nilipojua kwamba siku ile alikuja akitaka kuniambia kwamba ualimu umemshinda roho, si kichwa. Alikuja na maneno yake mdomoni, nami nikayafungia njia kwa Hosea.

Kwa hiyo alirudi, akaacha chuo bila kuniambia, akakaa kwa rafiki yake kule mji wa Turbo, wakimsaidia mtu mmoja anayekodisha trekta. Mimi huku namwombea mitihani. Mpaka siku ile alipokuja nyumbani na godoro limefungwa nyuma ya boda boda, na dereva mwenyewe ni Hosea. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa na akina mama wa ushirika hapa nje, Biblia ziko magotini.

Nikamuuliza, "Mmefunga mapema?"

"Hatujafunga, Mama. Niliacha."

"Uliacha lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Na mitihani niliyokuombea?"

"Hiyo ulimwombea mtu mwingine. Natumai alipita."

Mama mmoja alicheka, akakohoa ili kuficha. Ningecheka na mimi, Kibet, leo ningecheka mpaka machozi yatoke. Siku ile nilisimama na kusema, mbele yao wote, "Jeruto, wewe umepotoka."

Alisema, "Sawa." Akainua godoro lake kichwani, akaingia nalo ndani.

Neno likatoka hapa uani likaenda zake. Kwenye kituo cha maziwa lilikuwa limegeuka kuwa "ameharibika". Kanisani lilikuwa "amekengeuka", maana huko hupenda maneno marefu. Nilipolisikia limerudi kwangu limenenepa hivyo, sikulikana. Sikusema kwamba mtoto ameacha chuo, basi, na kila jioni anaosha vyombo na kumwosha nyanya yake miguu. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na hasira, na pia kwa sababu mtu akipewa pole na majirani huanza kuipenda.

Trekta ya baba yenu ilikuwa chini ya banda tangu tulipomzika, kuku wakitaga kwenye kiti. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kuokota mayai pale. Jeruto aliwahamisha kuku, akashinda na fundi chini ya ile trekta mpaka ikanguruma, na nyanya yako akatoka nje akiita jina la baba yenu. Hiyo siku nilienda jikoni nikapuliza moto uliokuwa tayari unawaka.

Sasa, baba yenu alikuwa na sifa moja kuu, na sifa hiyo ni ya wanaume wengi wa huku: mstari wake wa kulima ulikuwa umenyooka kama kamba. Alikuwa akichagua mti kule ng'ambo ya kijito, anaukazia macho, anashuka nao mteremko mzima bila kutazama nyuma. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama. Mstari wa kwanza ukinyooka, yote inayofuata inanyooka, na shamba linaonekana kama limechanwa na kitana. Tuliona fahari. Mvua ikija, kila mstari ulikuwa mfereji. Maji yalishuka nayo moja kwa moja, kijito kinakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mahindi ya juu yanabaki mafupi na manjano kama watoto wagonjwa. Tulilaumu mbegu. Tulilaumu mbolea. Hatukulaumu mistari, kwa sababu ilikuwa mizuri.

Jeruto alilima kwa kukata mteremko. Alipigilia vijiti vitatu vikawa kama herufi A, akaning'iniza jiwe kwa uzi katikati, akawa anapima shamba hatua kwa hatua, akitafuta mahali palipo sawa kwa kimo na pale alipotoka, na kila aliposimama anachomeka kijiti ardhini. Ukitazama kutoka barabarani, vile vijiti vilipinda na kupinda, vikafuata tumbo la mlima. Watu wakasimama tena, lakini sasa kucheka.

"Jeruto! Hiyo trekta imelewa?"

"Haijalewa! Nyinyi ndio mnalima kama mnaokimbizwa!"

Mimi nilikuwa nasikia nikiwa jikoni. Na kesho yake akina mama wa ushirika walikuwa wanarudi kwetu. Basi alfajiri, kabla ya kukamua, nilishuka shambani nikang'oa vijiti vyake vyote. Niliona kwamba wakija, angalau wakute shamba tupu badala ya shamba lililopinda. Nikavifunga kwa kipande cha leso kuukuu, nikaviweka kando ya ua, vizuri, kwa sababu hata nikiharibu kitu siwezi kukiacha kimetawanyika.

Hilo hulijui. Uliambiwa ni ng'ombe, na aliyekuambia ni Jeruto mwenyewe uliporudi likizo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Alisema, "Hawa ng'ombe wetu siku hizi wana akili, Kibet. Waling'oa vijiti wakavipanga na kuvifunga fundo." Ukacheka, ukadhani ni mchezo wake wa siku zote. Yeye alinipitishia sukari bila kunitazama. Alipima shamba upya, akachomeka vijiti upya, akalima, na hakuniuliza kitu. Kama angenigombeza, ningejitetea. Kwa kuwa hakunigombeza, bado sijamaliza kumjibu.

Mvua ilipokuja nilisimama mlangoni kutazama kijito. Mwaka ule maji yake hayakuwa meupe, usije ukadhani nasimulia muujiza. Lakini hayakuwa chai. Na mahindi ya juu yalifika kifuani.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu ni rahisi kuisikia hadithi hii vibaya. Sikuambii kwamba kila kilichopinda ni kizuri, na kila anayechekwa ana haki. Jeruto alikosea. Alinidanganya muhula mzima. Nilimpigia simu akaniambia yuko darasani, na nyuma yake nasikia injini. Tulilizungumza hilo mwishowe, tukipukuchua mahindi yale yale ya mteremko pale barazani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akasema, "Ningekuambia ungenipa lile neno la Hosea."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Hapana, Mathe. Kudanganya ni kwangu. Neno ni lako. Tugawane."

Tukaendelea kupukuchua. Baadaye akanirushia punje moja ikaingia kwenye blauzi, nikampiga na gunzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kuombana msamaha. Nashukuru tuliifanya. Ningependa tungeifanya kwa sauti zaidi, pale pale nilipolisemea lile neno, mbele ya masikio yale yale. Nilimsamehe barazani na kumhukumu uani, na uani ndiko kulikokuwa na watu.

Halafu ikaja ile homa. Sitaiandika, tulikuwa pamoja kwenye benchi la hospitali, na unayajua yote ninayoyajua. Jeruto alituacha shamba la mteremko likiwa limelimwa nusu, na wewe na Hosea mkalimaliza. Mlifuata vijiti vyake. Niliwaona.

Kwenye matanga nilisikia mtu akisema, pale nyuma ya hema, kwamba angebaki chuoni labda haya yasingempata. Kama kwamba homa huuliza mtu anasoma wapi. Ningegeuka nikasema, lakini nilikuwa sina nguvu. Mtu aliyefiwa hupitwa na mambo mengi hivi hivi. Moja lililonipita ni hili: watu waliacha kuniita Mama Jeruto. Sikuona lilipoanza. Siku moja nilikuwa kwenye kituo cha maziwa na mtu akaita "Mama Kibet!" nikageuka kutazama ni nani anayeitwa. Kumbe ni mimi. Nikaitika. Kesho yake nikaitika tena. Leo mchana Mzee Elija aliposema, "Tumesimama na Mama Kibet," niliitikia kwa kichwa, na dakika chache baadaye nikaitikia na ile amina. Ukikubali la kwanza, la pili huja lenyewe.

Kwa hiyo ulipotoka na viti, mimi pia nilitoka. Nilipitia kwenye kichochoro cha akina Chumo mpaka kwa Mzee. Nilimkuta anavua viatu vya kanisa. Akashtuka, akasema, "Mama Kibet, kuna nini? Kijana ameghairi?"

Nikamwambia, "Mzee, kijana hajaghairi. Mimi ndiye nimeghairi. Niliitikia maombi ambayo sikuyakubali."

Nikamwambia kwamba Jeruto hakupotoka. Alidanganya, na kwa hilo tulisameheana. Lile neno ni mimi niliyelitoa uani kwangu kwa hasira, na wengine wakaliokota kwa sababu nililiacha chini. Nikamwambia pia, "Na mimi ni Mama Jeruto. Niliitwa hivyo kabla ya huyu kijana kuzaliwa."

Mzee alikaa na kiatu kimoja mkononi. Nilidhani atanikemea. Akasema polepole, "Tulidhani tunakupunguzia uchungu." Nikamwambia najua. Akasema, "Kesho nitakuja kumwombea tena kabla ya gari. Nitaomba vingine." Mke wake akanipa maziwa ya kuja nayo, eti nisirudi mikono mitupu, mimi mwenye ng'ombe. Nikayachukua. Yako hapa mezani.

Hilo limekwisha. Limebaki lako.

Mimi nadhani unapenda ualimu. Nilikuona ukiwafundisha watoto wa Chumo sehemu za namba kwa kuvunja magunzi, na yule mdogo akakataa kuitwa nyumbani kula. Jeruto alisimama nami dirishani, akasema, "Huyu ndiye mwalimu. Mimi walikuwa wananiazima." Kama ni hivyo, nenda ukafundishe, na iwe kazi yako, usiifanye kwa ajili ya kumlipia mtu. Dada yako hakuacha kitu kilichopinda kinachongoja wewe ukinyooshe. Aliacha shamba, na shamba liko sawa.

Lakini kama nimeona vibaya dirishani, au ukibadilika huko, niambie mapema. Usinyamaze kwa kuogopa neno langu. Nimelitupa. Mdomo wangu una mazoea yake, na huenda siku moja likanitoka tena kwa ghafla. Likitoka, nikumbushe ng'ombe waliofunga fundo, nitanyamaza.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, lipe kosa jina lake lenyewe. Kama ni uongo, sema ni uongo. Kama ni uvivu, uite uvivu. Kisha urekebishe hicho kimoja. Usikubali mtu achukue kosa moja akufanyie jina la kuanzia utosini mpaka kwenye unyayo. Na utakapokuwa na darasa lako, kutakuwa na mtoto anayeandika nje ya mstari. Mtazame kwanza anaelekea wapi. Huenda anakosea kweli, basi mwonyeshe. Huenda ameona mteremko ambao wewe hujauona.

Nasikia magurudumu ya mkokoteni kwenye mawe ya lango. Mbona umechelewa hivyo. Bila shaka umepitia kwa Hosea. Mwambie naye aje kesho, akusindikize, aketi mbele na wanaume wengine.

Karatasi hii nitaitia kwenye koti lako, mfuko wa ndani. Huko chuoni watakuuliza jina la mzazi, na labda utaniita kama majirani wanavyoniita siku hizi. Niite jina langu.

Mimi mama yako ninayekupenda,

Mama Jeruto